Taa nyekundu ya birika haisemi oili imeisha

Bwana Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu Jumamosi iliyopita, na najua wengi wetu huku Pwani twaendesha magari ya zamani kwa hivyo hili si langu peke yangu. Jumamosi nilikuwa natoka Mambrui narudi Malindi, kabla sijafika daraja la Sabaki nikaona Probox imesimama kando ya barabara boneti iko juu, abiria wameshuka wamejibanza kwenye kivuli cha mwarobaini, dereva kijana tu amesimama na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, mkononi anaitazama. Nikasimama nikamuuliza vipi mwanangu. Akanionyesha kile kijiti akaniambia, "Ami hebu tazama, oili iko, imejaa mpaka alama ya juu, sasa mbona taa imewaka na mbona injini inagonga hivi?" Sauti ilikuwa inamtetemeka. Kumbe ile taa ilimuwakia tangu Gongoni, akasimama vizuri, akapima oili akaona iko sawa, akasema basi hii ni waya tu, akawasha gari akaendelea na abiria wake.

Sikuweza kumlaumu kwa sababu miaka mitatu nyuma na mimi nilifanya hivyo hivyo, na nikalipa.

Ndugu zangu, ile taa nyekundu yenye picha ya kibirika na tone linadondoka mdomoni, wengi tumeambiwa ni taa ya oili kuisha, na hapo ndipo tunapoumia. Ile ni taa ya presha ya oili. Yenyewe haijui kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kuna lita ngapi, inachojua ni kama oili inasukumwa na inafika kule juu inakotakiwa. Chukua mfano wa nyumba yenye kisima na pampu na tangi la juu. Maji yanaweza kuwa tele kisimani lakini pampu ikiwa haivuti, au paipu imeziba, ukifungua bomba la jikoni hupati kitu, na ukienda kuchungulia kisima utasema si maji haya hapa. Dipstiki ni kuchungulia kisima. Taa ndiyo bomba la jikoni. Kuna magari ambayo yana taa nyingine ya manjano ya kiwango cha oili, hiyo ndiyo ya kuongeza oili ukifika petroli stesheni, lakini nyekundu ni habari nyingine kabisa.

Na ile taa haiwaki mapema, hili nataka mlishike. Kwenye injini kuna kiswichi kidogo kimefungwa kwa nyuzi kama plagi, presha ya oili ndiyo inakizuia kisiwashe taa. Magari mengi kile kiswichi kinawasha taa presha ikishuka mpaka kama 5 hivi, kwa kipimo kile kile tunachopimia upepo wa tairi. Tairi twajaza 30 na zaidi. Tairi yenye upepo wa 5 imelala chini, hakuna mtu atakayepakia abiria juu yake akaenda nayo Malindi. Sasa injini yenye presha ya 5 ndiyo hiyo hiyo, imeshalala, ila kwa vile gari bado inakwenda na redio bado inaimba tunaona mambo ni salama. Krenki, ule mhimili mkuu wa injini, ikizunguka raundi 3,000 kwa dakika ni mara 50 kila sekunde, na kati ya ile krenki na beringi zake, vile vibati laini inamozungukia, chuma hakitakiwi kugusana na chuma, kinachowatenganisha ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Huo utando unakaa pale kwa sababu ya presha, presha ikikatika ni chuma kwa chuma mara 50 kila sekunde, wewe unahesabu kilomita za kufika nyumbani.

Yangu ilianza na kuvuja. Nilikuwa na Probox ya injini ya 1NZ, hii ya cc 1500 ambayo kila mtu anayo, ikawa inaacha madoa chini kila nikiegesha. Nikaipeleka kwa fundi, sitamtaja, akanyanyua gari akasema ni sampu inavuja, akaishusha akaifuta kidogo kwa tambara, akajaza silikoni akairudisha. Nilikuwa nimesimama pale nikaona ile silikoni imefurika pembeni nje kama siagi kwenye mkate uliobanwa, nikafurahi, nikaona leo huyu kaziba kweli. Sikufikiria kwamba kama imefurika nje hivi basi na ndani imefurika vivyo hivyo.

Na niwe mkweli, silikoni yenyewe haina kosa. Sampu ya injini hii haiji na gasketi, tangu kiwandani imezibwa kwa dawa ya aina hiyo hiyo, lakini ni mstari mwembamba, milimita 3 au 4, umepakwa juu ya chuma kilichokwanguliwa kikasafishwa mpaka hakina chembe ya oili. Ukipaka nyingi, juu ya mafuta, vipande vinakatika ndani vinaelea kwenye sampu, na ndani ya sampu ndipo iko strena, kile kichujio cha waya ambacho pampu inavutia oili.

Miezi kama miwili baadaye nilikuwa natoka Kilifi, barabara nyeupe, mwendo mzuri, ile taa ikawaka. Nikasimama nikazima nikapima, oili imejaa. Nikangoja kidogo nikawasha, taa ikazimika, injini kimya imetulia. Nikaenda kama kilomita kumi ikawaka tena. Nikizima inatulia, nikienda mbio inawaka. Niliporudi Malindi nikamwelezea yule fundi, akacheka akasema hiyo ni swichi tu imechoka, nitakukatia ile waya isikusumbue, na mimi nikamshukuru na nikamlipa pesa ya kunikatia waya! Mpaka leo nikikumbuka nasikia vibaya. Kile kilichokuwa kinatokea ni kwamba nikienda kasi pampu inavuta kwa nguvu, vile vipande vya silikoni vinakwenda kukaa juu ya strena vinaiziba, nikizima injini vinaachia vinazama, nikiwasha mambo sawa kwa muda. Gari ilikuwa inanieleza ugonjwa wake waziwazi kabisa.

Wiki tatu baadaye, nimepita Gede, nikasikia mlio mdogo kama mtu anagonga kisu kwenye sufuria, tok tok tok, unaongezeka nikikanyaga mafuta. Taa haikuwaka, ingewakaje na waya imekatwa. Sikufika hata Msabaha. Fundi mwingine alipoishusha ile sampu akaniita nione, strena ilikuwa imevaa vipande vya silikoni ya kijivu kama vile ukoga wa meno, na chini ya sampu unga wa chuma unaometa ukiuchezesha juani, na beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki, zimelika ile rangi yake nyeupe yote imebaki rangi ya shaba. Krenki imekwaruzika. Ikabidi ninunue injini ya mtumba Mombasa na ile pesa ilikuwa ni karo ya mtoto, alikaa nyumbani nusu muhula. Hayo yote kwa tone la oili lililozibwa vibaya na waya iliyokatwa.

Ndiyo maana nawaomba sana madereva wenzangu na mafundi pia, na mafundi wengi ni watu wazuri wanaojua kazi, msiseme ni swichi kabla ya kupima. Inaweza kweli kuwa swichi, zinaharibika, na zingine zinavuja oili zenyewe mpaka kwenye soketi ya waya, lakini kuna njia ya kujua. Ile swichi inafunguliwa, mahali pake inafungwa geji ya presha yenye mshale, gari inawashwa, inasomwa ikiwa baridi na ikiwa moto. Haichukui hata nusu saa. Ikisoma vizuri badilisha swichi uende zako na amani, swichi si kitu cha bei. Ikisoma vibaya umeokoa injini. Fundi ambaye hana geji na hataki kuazima geji kwa mwenzake, bora umwambie asante umpelekee mwingine.

Na taa ikiwaka barabarani, weka gari kando zima injini, hapo hapo, usiseme nifike pale kwenye maduka. Nilisafiri siku moja na boti ya dizeli kule Lamu, tuko kwenye mkondo wa Mkanda, king'ora cha oili kikalia, nahodha alizima mashine hata hajageuka kututazama, akatupa nanga, ndiyo akaanza kuuliza kuna nini. Watu wa boti wana hiyo nidhamu kwa sababu wanajua injini ikifa baharini nini kinafuata, sisi wa barabarani tunajidai. Ukishazima ngoja dakika tano hadi kumi oili irudi chini, gari iwe mahali tambarare, toa dipstiki uifute, irudishe mpaka mwisho, itoe tena ndiyo usome. Kati ya alama ya chini na ya juu kwa magari mengi ni kama lita moja. Kama imeshuka ongeza, washa, taa ikizimika mara moja na injini haigongi nenda taratibu mpaka kwa fundi ujue ile oili ilikwenda wapi. Lakini kama kijiti kinaonyesha imejaa na taa inawaka, usiwashe tena, tafuta wa kukuvuta, na kama ni otomatiki yanyanyuliwe magurudumu yanayoendeshwa na injini, kwa Probox nyingi ni ya mbele, maana ukiiburura tu utaharibu na gea boksi.

Kuna ile nyingine ya taa kuwaka ukikata kona au ukifunga breki kwa nguvu halafu inazima, hiyo mara nyingi oili imepungua sana, inakimbilia upande mmoja wa sampu strena inavuta hewa. Pampu inarudi kupata oili na taa inazima, basi watu wanasahau. Probox ya 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, ikishapungua lita moja na nusu hebu fikiria kilichobaki ni nini. Na wengi watakuja kuona wakati huu wa kaskazi, jua kali, taa inapepesa ukiwa umesimama kwenye foleni injini inanguruma tu bila kukanyaga mafuta, ukikanyaga inazima. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, na injini iliyochakaa nafasi za beringi zimepanuka kwa hivyo presha inashuka. Kuna wanaokimbilia kuweka 20W-50 wakaona taa imezimika wakasema tumepona. Oili nzito inaweza kusaidia injini ya zamani kwenye joto letu hili, sikatai, lakini kama jana taa haikuwa inapepesa na leo inapepesa kuna kitu kimebadilika ndani, kwa hivyo pima presha kwanza.

Sasa kuhusu kuvuja. Hapa Malindi tuna tatizo letu la kipekee, tunaegesha kwenye mchanga, na mchanga unameza tone lote hulioni. Mtu anaweza kuvuja mwaka mzima hajui. Mimi saa hizi kila usiku natandika katoni chini ya injini, asubuhi kabla ya kwenda kuswali naitazama kwa tochi. Maji meupe safi ni ya AC, hayo wacha. Jekundu jepesi mara nyingi ni la gea boksi au la sukani. La kahawia au jeusi linaloteleza kidoleni ndilo la injini. Lakini msipime hatari kwa ukubwa wa doa, pimeni kwa mahali linapotoka, maana gari ikiwa imelala oili inadondoka tu kwa uzito wake, na ikiwa inatembea kuna sehemu ambazo oili inasukumwa kwa presha yote. Filta na ile swichi ya presha ziko kwenye njia ya presha. Filta inayotoa tone moja usiku ikiachia barabarani inaweza kumwaga sampu yote kwa dakika chache tu. Tena kuna kosa la filta linatokea sana, ukifungua ya zamani ile ringi yake ya mpira inabaki imeganda kwenye injini, fundi hakuangalia, anafunga mpya juu yake, mbili zinakaa pamoja, inashika siku moja mbili halafu inatema. Ukiwa unasimamia servisi muulize tu, ringi imetoka? Na wosha ya nati ya kumwagia oili chini ya sampu ibadilishwe, isikazwe kwa hasira mpaka nyuzi zikakatika.

Tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ikivuja oili inateremka mpaka kwenye ekzosti, ndiyo ile harufu ya kuungua ukisimama, na usiipuuze kwa kuwa ni kidogo, oili juu ya chuma cha moto namna ile inaweza kushika moto. Gasketi yake ni rahisi na kazi yake nyepesi. Ikivuja kati ya injini na gea boksi hiyo ni oili sili, ile ringi ya kuzuia oili, ya nyuma ya krenki, hapo gea boksi lazima ishuke, kwa hivyo hakikisha kwanza maana oili ya juu inateremka na kurushwa nyuma na upepo mpaka inaonekana inatoka huko nyuma, kumbe chanzo ni tapeti kava. Ndiyo sababu nasema injini ioshwe kwanza ikauke, halafu nyunyiza poda ya mtoto sehemu zote unazozishuku, tembea kilomita chache, rudi uangalie ule mstari unaanzia wapi pa juu kabisa. Fundi aliyenifunza hivyo alinionyesha kwa gari yangu mwenyewe, tulikuwa karibu tushushe gea boksi, poda ikaonyesha ni ile swichi ya presha inayovuja.

Na kama unabadilisha sili leo baada ya miezi inavuja tena, tazama paipu ya pumzi ya injini na ile valvu yake ndogo. Ikiziba, mvuke wa ndani hauna pa kutokea unasukuma oili kwenye sili zote. Pia sisi wa karibu na bahari chumvi inakula sampu, ile bati ni nyembamba, nimeona sampu ya gari ya hapa mjini fundi ameigusa kwa bisibisi ikatoboka.

Jambo la mwisho ni kwa mnaonunua gari. Magari yanayoingia Kenya sheria haitaki yazidi miaka minane, kwa hivyo hata "mpya" yako imeshakula miaka mingi Japani, na ile unayonunua kwa jirani ndiyo usiseme. Kabla hujawasha zungusha ufunguo mpaka taa zote za dashibodi ziwake. Tafuta birika. Lazima liwake pale injini haijaguruma, na lizime sekunde chache baada ya kuwasha. Kama haliwaki kabisa, ama glopu imekufa ama kuna mtu amekata waya kama walivyonikatia mimi, na mtu hakati waya ya taa ambayo haikuwa inawaka. Wengine wanaiunganisha na waya ya taa ya chaji ili iwake na kuzima kama kawaida, kwa hivyo kwa gari za zamani zenye swichi ya waya moja mwambie fundi wako achomoe ile waya kwenye swichi ufunguo ukiwa umewashwa, taa izime, akiigusisha kwenye chuma cha injini taa iwake. Isipofanya hivyo usitoe pesa.

Yule kijana nilimvuta mpaka mjini, gari si otomatiki. Njiani aliniuliza mara mbili kama inaweza kupona, nikamwambia tusubiri sampu ishuke. Imeshuka jana jioni nikiwepo. Strena yake ilikuwa safi, pampu ndiyo ilikuwa imelika ndani, na beringi mbili zimeshafika shaba. Fundi anasema krenki huenda ikapona ikisagwa, leo imepelekwa kupimwa. Nimempa yule kijana geji yangu ya presha akae nayo mpaka gari itoke.

Dereva wa Probox,
Malindi